Seva ya barua ilipokufa Alhamisi: kilichookoa barua na kilichozipoteza

Seva ya barua pepe ikizimika kabisa, barua mnazotumiwa hazipotei. Watu wengi hawaliamini hilo, wakiwamo baadhi ya mafundi, na ndiyo sababu naandika kisa hiki kwa kirefu. Barua hupotea pale seva inapofufuliwa nusunusu, ikaanza kuwaitikia watumaji wakati haijui hata akaunti moja.

Kisa kilitokea Dodoma mwishoni mwa Agosti, katika shirika linalofanya kazi na vikundi vya wakulima wa zabibu na alizeti. Makao makuu yapo mjini, kwenye nyumba ya zamani pale Uzunguni, na matawi yapo Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni. Watumiaji wa barua pepe ni mia moja na ushee. Agosti zabibu zinavunwa, kwa hiyo oda za wanunuzi, hati za malipo na taarifa za mizani zote zilikuwa zinapita kwenye barua. Jina la shirika naliacha, na wahusika nawataja kwa kazi zao.

Ilivyokufa

Seva ilikuwa kompyuta moja yenye diski nne zilizopangwa kwa RAID 5, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Mpangilio huo unavumilia diski moja ikifa. Ya pili ikifuata, data yote imekwenda. Diski ya kwanza ilikuwa imekufa wiki kadhaa kabla, na taa yake ya rangi ya chungwa ilikuwa inawaka muda wote huo. Hakuna aliyeiona, kwa sababu chumba cha seva kilikuwa pia stoo, na maboksi ya mbegu yalipangwa mbele ya raki hadi juu. Seva yenyewe ilikuwa inatuma taarifa ya hitilafu kila siku, ila iliituma kwenye akaunti ya fundi aliyeacha kazi.

Alhamisi mchana umeme ukakatika. Betri za UPS, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, zilikuwa zimechoka, na hali ya hewa ya huku kwetu ina mchango wake. Umri wa betri za asidi na risasi hukadiriwa kwa joto la nyuzi 25, na hesabu wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi zaidi hukata karibu nusu ya umri huo. Chumba hakikuwa na kiyoyozi, paa ni la bati, na vumbi la kiangazi lilikuwa limeziba feni. Mashine ilizimika ghafla. Umeme uliporudi, diski ya pili haikuamka.

Chelezo, yaani nakala ya akiba, ilikuwapo. Kila usiku barua zilinakiliwa kwenye diski ya nje ya USB, lakini diski hiyo ilikuwa imejaa, na nakala kamili ya mwisho ilikuwa ya Jumapili usiku. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi mchana hakukuwa na kitu. Siku hizo nne, katikati ya mavuno, nitaziita pengo.

Saa moja iliyogharimu kuliko zote

Nilipofika, kijana wa TEHAMA alikuwa ameshafanya kazi kubwa. Alichukua kompyuta nyingine, akaweka Linux, Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) na Dovecot (ya kuzitunza na kuwafungulia watumiaji vikasha vyao), akaipa anwani ya IP ileile ya seva ya zamani. Ni kijana hodari, na chakula cha mchana alikuwa hajakigusa. Akaunti za watumiaji alikuwa bado hajaziweka, ila poti 25, mlango ambao seva nyingine huleta barua, ilikuwa wazi na barua zilikuwa zimeanza kugonga. Aliona ni dalili nzuri.

Nikafungua logi, faili ambalo seva huandika kila inachofanya. Mistari ilikuwa inashuka kwa kasi, na karibu kila mmoja ulikuwa na tarakimu zilezile: 550 5.1.1. Katika SMTP, itifaki ambayo seva hupelekeana barua, jibu linaloanza na 4 maana yake kwa sasa haiwezekani, jaribu baadaye. Linaloanza na 5 maana yake haiwezekani, usirudi. Na 550 5.1.1 inasema mpokeaji huyu hayupo. Ni kama karani wa posta anayeandika juu ya bahasha kwamba mwenye S.L.P. hii hajulikani, irudishwe kwa mtumaji. Seva ya mtumaji ikipata jibu hilo huiondoa barua kwenye foleni yake, humwarifu mwenyewe kwamba imeshindikana, na haijaribu tena.

Seva iliyozimwa haitoi jibu lolote. Kanuni za SMTP, ambazo toleo lake la RFC 5321 lilitoka Oktoba 2008, zinaitaka seva ya mtumaji iweke barua foleni na kurudia kujaribu, isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Postfix, isipobadilishwa mpangilio wake, hushikilia barua siku tano. Barua za Alhamisi mchana zilikuwa salama mikononi mwa watumaji walau hadi Jumatatu mchana. Muda tuliokuwa nao ulikuwa mwingi kuliko hofu iliyojaa mle chumbani.

Nikamwomba kijana aifunge poti 25.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, nimekuita ufungue, wewe unafunga?"

"Shikamoo mzee. Ikifungwa, barua zinasubiri kwa waliozituma. Ikiachwa wazi hivi, zinakataliwa na hazirudi."

"Marahaba. Una uhakika?"

Nikamwonyesha mstari mmoja. Ilikuwa barua ya mnunuzi wa zabibu aliyekuwa anaisubiri tangu asubuhi, imekataliwa dakika chache zilizopita. Akausoma mara mbili. "Basi funga."

Kabla ya kugusa kitu kingine nikanakili logi kwenye flashi. Majina ya waliokataliwa yalikuwa humo tu, na tungeyahitaji. Diski mbili zilizokufa tukazitoa, tukaziandika namba kwa kalamu kufuata nafasi zao, tukaziweka kando. Kujaribu kuijenga RAID upya juu ya diski zenyewe kungeweza kuua hata kile kilichokuwa bado kinasomeka.

Liliulizwa pia swali la kuhamia Google siku ileile. Ni swali la haki, na kwa mashirika mengi ya ukubwa huu jibu ni ndiyo, lakini si katikati ya janga. Rekodi ya MX, inayoelekeza barua za shirika ziende seva ipi, ilikuwa na TTL (muda ambao seva nyingine hukumbuka jibu hilo) ya sekunde 86,400, yaani siku nzima. Ukiibadilisha leo, seva nyingine zitaendelea kutumia jibu la zamani hadi kesho, na barua zitakuwa zinaingia sehemu mbili wakati hata za zamani hujui hatima yake. Zaidi ya hapo, anwani ya IP ya zamani ilikuwa tayari na rekodi ya PTR (inayotaja jina la mwenye anwani), SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la shirika) ilikuwa inaitaja, na ufunguo wa DKIM (sahihi ya kuthibitisha barua) ulikuwa ndani ya chelezo. Tangu Februari 2024 Gmail inadai SPF au DKIM kwa kila mtumaji, pamoja na rekodi za DNS za kwenda na kurudi zinazolingana, yaani jina la seva lielekeze kwenye anwani yake na anwani ielekeze kwenye jina hilohilo. Kubaki na anwani ileile na ufunguo uleule kulizuia barua za shirika zisiangukie kwenye barua taka za wanunuzi wiki ambayo zilihitajika kuliko wakati wowote.

Majina kwanza

Poti 25 isingefunguliwa tena kabla kila anwani iliyo hai haijawekwa. Faili la akaunti tulilikuta kwenye chelezo, na nywila zikiwa zimefichwa kama zilivyokuwa, hivyo hakuna aliyelazimika kuweka mpya. Ila Jumanne ya wiki ileile walikuwa wameajiriwa makarani wa mizani wa msimu, nao hawakuwamo. Mama wa utumishi alikuja na daftari lake la kuripoti kazini, tukakaa naye tukipita jina kwa jina. Halafu zipo anwani zisizo za mtu, kama manunuzi, malipo na malalamiko. Hizo ni majina ya kuelekeza tu, na ndizo zinazosahaulika kwanza, ilhali wateja huzitumia kuliko majina ya watu.

Juu ya orodha tukaweka kinga. Kwenye faili la main.cf la Postfix tuliandika soft_bounce = yes. Mstari huo hugeuza kila jibu la 5 kuwa la 4. Tukimsahau mtu, barua yake inasubiri kwa mtumaji. Sisi tunamwona kwenye logi, tunamwongeza, na mtumaji akirudia inaingia. Walionekana wachache kwa njia hiyo. Mstari wenyewe ni wa muda, uondolewe orodha ikikamilika, vinginevyo kila barua taka yenye jina la kubuni itakuwa inarudi kugonga kwa siku tano.

Poti 25 ilifunguliwa Ijumaa jioni, vikasha vikiwa vitupu. Barua hazikuingia kwa mkupuo. Kila seva hurudia kwa ratiba yake, na Postfix huweza kungoja hadi sekunde 4,000 kati ya jaribio na jaribio, yaani zaidi ya saa nzima. Usiku ule simu zilikuwa nyingi: "Kaka, mteja anasema ametuma, mbona sioni?" Jibu lilikuwa ni kusubiri, na kwa wengi wao barua ilikuwapo kabla ya asubuhi.

Hatari ya kikasha kitupu

Sehemu hii ndiyo ninayotaka mafundi wenzangu waisome polepole.

Wengi pale walisoma barua kwa programu za Outlook au Thunderbird, kwa njia ya IMAP, ambayo barua hukaa kwenye seva. Programu hizo huweka nakala ya barua kwenye kompyuta ya mtumiaji, lakini kwa IMAP kauli ya mwisho ni ya seva. Seva ikisema kikasha hakina kitu, programu inatii na kufuta nakala yake. Na barua za siku za pengo hazikuwa mahali pengine tulipoweza kupategemea zaidi ya kwenye nakala hizo. Mtu angewasha kompyuta asubuhi, ikaunganika na kikasha kitupu, na pengo lake likawa la kudumu kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Kwa hiyo poti 993 na 143, milango ya IMAP, zilibaki zimefungwa. Tuliruhusu kusoma barua kwa kivinjari peke yake, ambako hakuna nakala ya kufutwa. Katibu muhtasi akatusaidia kuandika ujumbe, ukaenda kwenye kundi la WhatsApp na kusomwa kwa simu matawini:

"Ndugu wafanyakazi, seva ya barua iliharibika Alhamisi. Barua mnazotumiwa sasa zinaingia. Zisomeni na kuzijibu kwa kivinjari, kwa nywila zenu za kawaida. Mtaona kikasha kitupu. Barua za zamani zinarudishwa. Tafadhali MSIONDOE akaunti kwenye Outlook, Thunderbird au simu na kuiweka upya, hata kama inaonyesha kosa. Barua zenu za wiki hii ziko humo tu. Mtu wa TEHAMA atakuja mezani kwako."

Sentensi ya kutoondoa akaunti iliokoa barua nyingi kuliko amri yoyote tuliyoandika kwenye seva. Mtumiaji akiona kosa, jambo la kwanza analofanya ni kufuta akaunti na kuiweka upya. Amefundishwa hivyo na sisi wenyewe mafundi, miaka yote.

Kisha tukapita meza kwa meza. Programu inawekwa katika hali ya nje ya mtandao, barua za kuanzia Jumatatu zinanakiliwa kwenye folda ya ndani ya kompyuta, zinahesabiwa, anayefuata. Kila mara mwenye barua alikuwa amekaa hapohapo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika ni wajibu kuwa mwangalifu na mambo ya namna hii, lakini hata bila sheria, barua ya mtu ina mshahara wake, ugonjwa wake na ugomvi wake na bosi. Fundi hana ruhusa ya kuisoma eti kwa sababu anaiokoa.

Barua za chelezo zilinakiliwa kwenye diski mpya, ambazo mfanyakazi aliyekuwa Dar es Salaam alikuja nazo kwenye begi kwa treni ya SGR. Kunakili kulikwenda polepole. Katika mpangilio wa Maildir kila barua ni faili lake, na mamia ya maelfu ya faili ndogo huchukua muda mrefu kuliko faili moja kubwa lenye uzito uleule. Hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Mtego mkubwa ulikuwa wa namba. Kila barua ndani ya folda ya IMAP ina namba yake, UID, ambayo hupanda tu na haitolewi mara mbili. Folda nayo ina namba iitwayo UIDVALIDITY, inayoiarifu programu kama zile UID bado zina maana ileile. Mchukue mhasibu mkuu. Jumapili usiku kikasha chake kilikuwa kimefikia barua ya 5,011. Kuanzia Jumatatu barua zake zikapewa 5,012 na kuendelea, na kompyuta yake inazikumbuka kwa namba hizo. Ukirudisha chelezo kama ilivyo, seva inarudi kuamini kwamba namba inayofuata ni 5,012, na inaipa barua ya Ijumaa. Kompyuta ya mhasibu inapoulizia, inakuta 5,012 inayo tayari, haishushi kitu. Mhasibu anaendelea kuona barua ya Jumatatu, ya Ijumaa haioni kamwe, wala hakuna kosa linaloonekana kwenye skrini.

Njia iliyozoeleka ni kubadilisha UIDVALIDITY, ili kila programu itupe nakala zake na kushusha vyote upya. Kwa ofisi ya mjini yenye faiba, haina neno. Kwa tawi la Kondoa, linalotumia modemu ya laini ya simu na bando la kununua, kushusha upya barua za miaka kadhaa kwa kila kompyuta ni kumaliza bando la mwezi kabla ya chai ya saa nne. Gharama hiyo watu wa makao makuu hawaioni, kwa hiyo ni rahisi kuipitisha.

Tukachagua njia nyingine. Dovecot huandika namba hizi kwenye faili la dovecot-uidlist la kila folda. Mstari wa kwanza una herufi V ikifuatwa na UIDVALIDITY, kisha N ikifuatwa na namba itakayotolewa. Kwa mhasibu ilisomeka N5012. V hatukuigusa. N tukaipandisha kuwa N7000, mbali na namba yoyote ambayo ingeweza kuwa imetumika wiki ile, halafu tukafuta faili za dovecot.index ili zijengwe upya. Barua zilizoingia tangu Ijumaa zikahamishiwa kwenye folda hiyo na kupewa namba kuanzia 7,000. Yote haya yalifanyika kikasha kikiwa kimefungwa, kwanza kwenye akaunti ya majaribio, kisha kwa skripti fupi kwa kila mtumiaji.

Poti 993 ilipofunguliwa, kompyuta ya mhasibu ilikuta barua zake za hadi 5,011 zina namba zilezile, haikushusha hata moja kati ya hizo, ikachukua mpya tu. Zile za pengo ikazifuta, maana seva haizijui, na ndiyo sababu tulizinakili kwanza pembeni. Akaziburuta mwenyewe kutoka folda ya ndani kurudi kwenye kikasha, na kuanzia hapo zikawa kwenye seva. Kondoa nao walifunguliwa siku hiyohiyo, na bando lao halikutikisika.

Mkuu wa tawi la Mpwapwa alikuwa kisa cha peke yake. Nilimkuta hana wasiwasi wowote. "Mwanangu, hao wanahangaika nini? Mimi barua zangu zote zipo." Zilikuwapo kweli. Yeye alitumia POP3, njia ya kushusha barua kwenye kompyuta, bila kuacha nakala kwenye seva, na barua zake za miaka yote zilikuwa kwenye kompyuta moja ya mpakato iliyopasuka bawaba. Hazikuwa kwenye seva iliyokufa, na hazikuwa kwenye chelezo yoyote. Kati ya watumiaji wote wa shirika, huyu mzee aliyelala usingizi ndiye niliyemhofia zaidi. Hatukuondoka Mpwapwa kabla ya kumnakilia kila kitu kwenye diski ya nje.

Kilichorudi na kisichorudi

Waliotumia IMAP kwenye kompyuta walipata karibu kila barua. Walioumia ni waliokuwa wanasoma kwa kivinjari tu tangu zamani, kwa sababu hawakuwa na nakala popote. Kwa ajili yao tulinakili diski ya pili kwa ddrescue, programu inayosoma kwanza maeneo mazima na kurudia mabovu baadaye, tukaunganisha nakala hiyo na diski mbili zilizokuwa nzima. Sehemu kubwa ya siku za pengo ilisomeka, lakini si yote. Barua zilizokuwa kwenye foleni ya kutoka wakati umeme unakatika hazikupatikana, na wenye nazo tuliwaambia hivyo wazi, wazitume upya.

Waliojibiwa 550 ndani ya saa ile moja waliandikiwa mmoja mmoja na katibu muhtasi kwa kufuata logi. Mnunuzi wa zabibu alijibu siku ileile. Alidhani shirika limevunjwa.

Sasa maboksi ya mbegu yamehamishwa, betri za UPS ni mpya, na taarifa za hitilafu zinakwenda kwa watu watatu walio kazini, kwa ujumbe wa simu, si kwa barua pepe ya seva ileile inayoumwa. Chelezo huandikwa kwenye diski mbili zinazopokezana, na kila mwezi kijana wa TEHAMA huchagua kikasha kimoja, kwa ridhaa ya mwenyewe, akakirudisha pembeni kuona kama kinafunguka.

Mazungumzo ya kuhamia huduma ya kukodi yanaendelea na nimeyaunga mkono. Masharti niliyoyaandika kwenye ripoti ni matatu: TTL ya MX ishushwe hadi sekunde 300 walau siku mbili kabla ya kuhama, nakala ya barua ibaki mikononi mwa shirika bila kumtegemea mwenye huduma, na kompyuta ya mzee wa Mpwapwa iwe ya kwanza kuhamishwa.